Sitar ya umeme, pikapu na kaboksi ka tanpura: maswali yenu

Wiki iliyopita niligusia sitar, kile chombo cha nyuzi cha Kihindi chenye shingo ndefu, kidogo tu, basi inbox imefurika. Nimechukua matano, mengine yanarudia haya haya.

Hivi sitar ya umeme ni sitar kweli au ni gitaa limevalishwa sari? (Tanga)

Inategemea ipi. Ile maarufu ya zamani, Coral ya kampuni ya Danelectro kule Marekani, iliyotoka 1967 na kubuniwa na mpiga gitaa Vinnie Bell, hiyo ni gitaa bwana, nyuzi 6 za kupiga, briji (kile kipande nyuzi zinapolalia) bapa ili uzi ukwaruze, na nyuzi 13 za kuitikia pembeni, yaani hazipigwi, zinatetemeka zenyewe. Sasa sitar yenyewe briji yake inaitwa jawari, kipande cha mfupa au pembe kilichosuguliwa kwa mkono mpaka kikapata kamteremko ambako hata ukiinamia karibu unakaona kwa shida, uzi ukitetemeka unakagusa gusa na hapo ndo sauti inachanua zzzaaang. Cha pili freti zake, vile vyuma vya kwenye shingo vinavyogawa noti, zimepinda na ziko juu, kwa hiyo unavuta uzi pembeni unapanda noti nne tano kwa pigo moja tu, Wahindi wanaita meend. Mi napima kwa hivyo viwili. Coral inapata nusu ya cha kwanza. Zitar ya Niladri Kumar, mpiga sitar wa India, kapunguza nyuzi kutoka 20 hivi mpaka 5 na kuweka pikapu (kinasa sauti cha umeme), lakini mtu anavuta uzi kama kawaida, hiyo naipitisha.

Tuna sitar ya marehemu babu, nataka kuifunga pikapu ya gitaa. Itaharibika? (Mombasa)

Usitoboe kitu! Kwanza pikapu ya gitaa (siyo ile ya kubebea mchanga) ni sumaku, na sumaku inasikia chuma. Uzi wa kwanza wa sitar ni chuma, wa pili kawaida ni bronzi, so mmoja utapiga kelele mwingine utanong'ona, utalaumu spika bure. Tafuta piezo, kale kasahani kembamba kama sarafu kanakonasa mtetemo, kabandike kwa selotepu ya pande mbili kwenye ubao karibu na jawari, sogeza sogeza mpaka sikio liridhike. Halafu usiichomeke moja kwa moja kwenye mikisa, piezo inataka priampu yake (kikuza sauti kidogo cha kutangulia) yenye ukinzani mkubwa, megaohm 1 hivi, la sivyo besi yote inapotea inabaki sauti ya nyuki kafungiwa kwenye kopo.

Shida kubwa ni mluzi wa spika. Niliwahi kushika mitambo harusi moja Upanga, mpiga sitar kakaa mbele ya monita, hajagusa hata uzi na chombo kinalia chenyewe. Kibuyu kikavu, ubao mwembamba, na zile nyuzi 11 mpaka 13 za chini zinazoitika zenyewe (ndiyo, zinaitwa tarab, watu wa Mombasa msianze), spika ikitoa noti zinaitika, piezo inasikia, inarudisha kwenye spika, mzunguko hauishi. Nikamhamisha mzee wa watu akakae nyuma ya spika, kukatulia. Ndo maana sitar nyingi za umeme hazina kibuyu, ni mbao nzima.

Kale kaboksi ka tanpura wanakowasha waimbaji siyo kudanganya? (Dodoma)

Tanpura ni chombo cha nyuzi cha Kihindi, kazi yake ni kushikilia sauti ya msingi nyuma, haipigi melodi. Kale ka kielektroniki kalitoka 1979 Bengaluru, kwa G. Raj Narayan wa kampuni ya Radel, injinia na mpiga filimbi. Unazungusha kitufe unapata sauti yako na spidi yako, raha tupu ukiwa unafanya mazoezi peke yako. Ila tanpura halisi inawekewa kauzi ka pamba chini ya kila waya pale kwenye briji, ukikasogeza kidogo tu mlio wote unabadilika, na hakuna kitufe kinachonipa hicho. Mazoezini sawa, jukwaani napenda ya mti.

Kwani huko India Kusini nao wameweka umeme? (Nairobi)

Sana tu! U. Srinivas (1969–2014) alichukua mandolini ya umeme akaacha zile nyuzi 8 za mbili mbili, akabaki na 5, na kwa sababu sauti ya umeme inakaa muda mrefu akaweza kuyumbisha noti za Kikarnatiki (muziki wa jadi wa India Kusini) ambazo mandolini ya kawaida inakufa kabla hujafika. Radel nao wana vina, chombo cha nyuzi cha huko Kusini, ya dijitali. Na msijione mko mbali, tashkota yenu ya taarab ilianzia Nagoya, Japan 1912, India ikawa bulbul tarang, kote huko ikaja kufungwa umeme.

Kompyuta inaweza kujua mpigaji kagusa freti ipi? (Kigoma)

Inaweza, Ajay Kapur na wenzake walionyesha ESitar, sitar iliyofungwa sensa, 2004. Kati ya freti wameunga rezista, uzi ukigusa freti saketi inafunga, volti inataja namba ya freti. Kisha kuna sensa za kufuata mpigo, na nyingine inafuata kichwa cha mpigaji. Mi hiyo naipenda kwa sababu sitar inabaki sitar, kompyuta imepewa lifti tu.

Na aliyeuliza kama mafundi wa sitar wa Miraj, mji wa jimbo la Maharashtra, India, watakosa kazi: jawari hata ya umeme waya unaichimba mifereji, mtu lazima aisugue tena kwa tupa huku anasikiliza. Ya babu yako wa Mombasa nayo kaiangalie hapo kwanza kabla hujanunua piezo.