Shimo la choo umeliweka wapi?

Mkuu simama hapo hapo, usimwage hata kokoto. Umeuliza kama vyumba vitatu, kimoja masta, vinaenea kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20, na kama paa la kuficha bati linavuja. Vinaenea. Vyangu huku Kivule vimeenea, na ndiyo balaa lenyewe.

Nilinunua ramani kwenye simu, elfu hamsini. Nyumba 12 kwa 14, ina korido, ina dining, ina baraza ya kunywea chai ambayo haikuwahi kunywewa chai. Shimo la choo kwenye ramani halipo. Namuuliza fundi, ananijibu, "Bosi, shimo halikosi pa kukaa." Na kweli halikukosa: nyuma, kwenye upenyo wa mita mbili kati ya jiko na ukuta wa jirani.

Masika ya kwanza tu likajaa. Udongo wetu mfinyanzi, haunywi maji. Gari la majitaka likaja, likaishia getini, mpira ukizungushwa ubavuni haufiki. Mnajua ulipita wapi? Mlango wa mbele, sebuleni, juu ya zulia, ukatokea mlango wa jikoni. Mama mkwe yuko kwenye kochi kanyanyua miguu, anasema, "Haina neno baba, endeleeni." Kiungio kikaachia usawa wa tivii. Zulia liliondoka na gari lile lile.

Mwisho nikavunja baraza, nikachimba mbele. Milioni tatu na ushee. Vyoo viko nyuma, kwa hiyo bomba linatembea mita 18, na kila mita lishuke sentimita 2. Piga hesabu: linafika mbele limezama sentimita 36, na shimo nalo linazidi kwenda chini. Fundi nikimpigia yuko "saiti Bagamoyo". Mwaka wa nne huu, sijui anajenga bandari peke yake.

Chukua karatasi, chora kiwanja kitupu, weka shimo KWANZA, mbele, karibu na geti. Halafu choo na jiko vichangie ukuta mmoja, upande huo huo. Kinachobaki ndiyo nyumba yako. Dining isipoenea mtakula sebuleni kama binadamu wengine.

Paa nitarudi nikitoka kazini. Tupia ramani hapa.