Kuhusu yule uliyemwita "jamaa"

Mwanangu,

Mwezi ni mpevu, karabai hazina kazi ziwani, mitumbwi imelala hapa Kibirizi. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukujibu.

Umeniuliza juu ya mwenzako wa kazini huko Nairobi, aliyelelewa kama mvulana na sasa anaishi kama mwanamke. Wakimwita "kaka" anaondoka mezani. Unashangaa, maana Kiswahili hakibagui: yeye ni yeye, awe wa kike au wa kiume. Hapo umesema kweli nusu. Kaka, dada, mjomba, shangazi, bwana, bibie, hayo je? Hapa hata bei ya dagaa huulizi kabla hujamwita mtu kitu.

Sauti yangu unaijua ilivyo nyembamba. Wateja wapya wa Dar es Salaam wakinipigia huanza, "Shikamoo mama, gunia shilingi ngapi?" Naitikia marahaba, tunapatana. Siku wakija kupakia tunacheka wote. Ila mwaka fulani nilikwenda ofisi moja kufuatilia leseni. Kijana wa dirishani aliponisikia akaita, "Mama, sogea." Foleni ikaangua kicheko. Nikamwambia mimi ni baba. Akasema, "Subiri kwanza, mama." Siku ile sikula. Mama yako alidhani homa. Na neno lilikuwa lile lile la kwenye simu!

Wa simu alikosea. Huyu alikuwa ameshaambiwa.

Tena mimi nilitoka pale nikawa baba kwa kila mtu njiani. Mwenzako akitoka ofisini anakutana na kondakta wa matatu, mlinzi wa benki, ndugu zake msibani. Kila "kaka" inamrudisha kizimbani kwa kesi ile ile. Na ukilitamka mbele ya wasiomjua umemfichua, akapigwe njiani wewe ukiwa umeshafika kwako.

Dada yako muuguzi alinisomea utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, wa vijana transijenda 129, yaani wasioishi kwa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, kama mwenzako. Waliokuwa wakiitwa jina walilojichagulia mahali pengi zaidi, nyumbani, shuleni, kazini, kwa marafiki, walikuwa na sonona kidogo na mawazo machache ya kujiua. Jina tu. Na huko huko Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke transijenda kama mwenzako, alikwenda hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2014 iliamuru Baraza la Mitihani limwandikie jina lake kwenye cheti cha sekondari. Mtu hasumbuki na mahakama kwa kitu kisichomuuma.

Mimi mengine ya watu hawa bado yananizidi umri, sikufichi. Lakini kumwita mtu anavyojitaja hakuhitaji niyaelewe yote. Ulimi ukiteleza, sema "samahani dada" uendelee na habari. Usijute kwa sauti mpaka yeye ndiye akubembeleze.

Katika barua yako umemwita "huyu jamaa" mara tatu. Nimehesabu.

Mawese nimeyapakia kwenye basi, madumu mawili. Dumu dogo ni la huyo dada.

Babako,
Kigoma