Kwenu mnaoanza kuingiza vitabu kwenye Koha

Mkija maktaba ya chuo hapa Nairobi kwa atachimenti, au kwa kazi yenu ya kwanza, huenda programu ya kuendeshea maktaba mtakayoikuta ni Koha. Ilitengenezwa New Zealand, kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kutumika Januari 2000. Haina ada ya leseni, ndiyo maana wakuu wa idara huipenda, ingawa seva bado inataka stima na fundi bado anataka mshahara.

Msijisumbue sana na vibonyezo, mtavizoea. Tieni bidii katika kuelewa data imepangwaje.

Kitabu ni kitu kimoja, nakala ni kitu kingine. Maktaba ikinunua nakala 6 za kamusi ileile, rekodi ya kamusi ni moja, na kila aina ya habari ina sehemu yenye namba yake: jina la kitabu katika sehemu ya 245, mwandishi katika 100, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) katika 020. Nakala zote 6 huning'inia chini ya rekodi hiyo, katika 952, kila moja na msimbopau wake. Mgeni wa kazi hii hushika nakala ya pili akafungua rekodi mpya, ya tatu vilevile. Basi mwanafunzi akitafuta, anaona rekodi ya kwanza imeandikwa "imeazimwa", anaenda zake, na nakala 5 ziko rafuni zinakula vumbi.

Kwa hiyo tafuteni kabla ya kuandika. Anzeni na ISBN. Vitabu vingi vya Kenya vina 9966 mwanzoni, au baada ya 978 kwa vile vilivyotoka tangu 2007, tarakimu zilipoongezwa kutoka 10 hadi 13. Vitabu vikongwe havina ISBN kabisa, hivyo tafuteni kwa jina la kitabu na mwaka. Toleo lililosahihishwa lifungulieni rekodi yake. Kikiwa kimepigwa chapa tena tu bila mabadiliko, ongezeni nakala.

Majina ya watu ndiyo yanayonitoa jasho hadi leo. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa vitabu vyake vya kwanza kwa jina la James Ngugi. Mmoja ataandika jina hilo, mwingine "Thiong'o, Ngugi wa", wa tatu atafuata jalada, na kompyuta itahesabu waandishi watatu. Koha ina faili la majina yaliyokubaliwa: chagueni umbo moja, yale mengine yawe njia za kumleta msomaji pale. Ni kazi ya kuchosha na hakuna atakayewapongeza kwayo. Ifanyeni hata hivyo.

Rekodi nyingi mtazivuta zikiwa tayari kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani kupitia Z39.50, njia ya kompyuta za maktaba kutafutiana na kupeana rekodi, na ni raha kweli. Tatizo ni kwamba mada zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi akiandika "ushairi" hapati kitu, na diwani zimejaa rafuni. Acheni 650, sehemu ya mada hizo, ilivyo, kisha katika 653 ongezeni maneno ambayo wasomaji wenu huyatumia: ushairi, methali, fasihi simulizi. Vitabu vya wachapishaji wadogo wa hapa mjini mara nyingi havipo huko Marekani. Hivyo mtaviandika wenyewe tangu mwanzo, ukurasa wa jina ukiwa wazi mbele yenu.

Kuhusu nakala rudufu za hifadhidata, ulizeni maswali mawili tu: inakaa wapi, na lini mara ya mwisho mtu aliirudisha ikafanya kazi? Ikiwa iko kwenye seva ileile, seva ikiungua vyote vimekwenda.

Orodha ya waazimaji nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mhadhiri akija kaunta kuuliza nani ameshika kitabu anachokitaka, mwekeeni nafasi kwenye foleni, jina la msomaji libaki kwenu.

Na siku ya kwanza ombeni jina na nywila zenu wenyewe. Mtaambiwa mtumie za mkuu "kwa leo tu". Koha inaweza kuonyesha nani alibadili rekodi gani na saa ngapi, na siku rekodi 200 zitakapofutika, wote walioingia kwa jina hilo watahojiwa.