Kabla ya kutazama meno, uliza habari za mgongo

Mnaoanza kazi ya kubashiri ni kijana yupi atapata matatizo ya kiungo cha taya, mtavutwa na meno. Kijana anapanua mdomo, taya linaalika, papo hapo mnamwandika miongoni mwa walio hatarini. Tulieni. Taya kualika ni kawaida kwa vijana, na mlio usio na maumivu wala kukwama hauhitaji tiba.

Ulizeni kwanza habari za mwili mzima. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto wa miaka 11 kwa miaka 3. Viashiria vya maumivu mapya ya uso na taya vilikuwa zaidi nje ya kinywa: kuwa msichana, kuwa na maumivu kwingine kama kichwa, mgongo au tumbo, na kutoridhika na maisha. Ndiyo maana mimi huuliza kuhusu usingizi na kichwa kabla sijavaa glavu. Ikiwezekana, mzazi asubiri nje kidogo. Mbele ya mama kila kitu huwa "kizuri tu".

Kwa kuchuja, tumieni maswali matatu yanayotumika Uswidi. Je, mara moja kwa wiki au zaidi, unaumwa panja, uso au taya? Unaumwa ukipanua mdomo au ukitafuna? Taya hukwama?

Ukifika kwenye kupapasa, vigezo vya kimataifa vya 2014 vya kutambua matatizo ya taya vinataka mgandamizo wa kilo 1 kwenye misuli ya kutafuna. Fanyeni mazoezi kwenye mizani ya jikoni, maana kidole hudanganya, hasa kikichoka. Tena msiishie kwenye "inauma?" Ukibonyeza sana, nani haumii? Uliza: "Haya ndiyo maumivu uliyoyasikia mwezi huu?"

Kwa mlio watafiti: vijana wenye maumivu tayari siku ya kwanza ya utafiti waondoeni, la sivyo mtakuwa mnaeleza ugonjwa uliokwisha kuwapo. Na msilewe na asilimia ya usahihi: wanaougua ni wachache, kwa hiyo modeli (hesabu ya kubashiri) inayosema "hakuna atakayeugua" itaonekana hodari.

Mzazi akiuliza kama waya za meno zitazuia tatizo, ushahidi hauonyeshi kwamba zinazuia, wala kwamba zinalisababisha.

Ila kijana mwenye kidevu kinachopinda upande na viungo vinavyokakamaa asubuhi, hata kama taya halimuumi, msimwachie dodoso. Huenda ni baridi yabisi ya utotoni. Mpelekeni kwa daktari wa viungo mapema.