Namba inaweza kujulikana si tasa kabla vigawo vyake havijapatikana

Swali la wiki lilikuwa hili: je, mtu anaweza kuwa na hakika kwamba namba kubwa si tasa, ilhali hajui hata kigawo chake kimoja, ukiacha 1 na namba yenyewe? Jibu langu ni ndiyo, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2⁶⁷ − 1.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliiweka namba hiyo katika orodha yake ya namba tasa bila kutoa uthibitisho. Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alionyesha kwamba si tasa, lakini hakutaja kigawo chochote, kwa kuwa hakuwa nacho.

Kipimo chake, katika umbo lililorahisishwa baadaye na Mmarekani D. H. Lehmer, huanza na 4. Tafuta kipeo chake cha pili, toa 2, gawanya kwa namba inayochunguzwa, kisha baki unalopata ulipitishe katika hatua zile zile. Ikiwa p ni namba tasa kubwa kuliko 2, basi 2ᵖ − 1 ni tasa endapo baki la hatua ya p − 2 ni sifuri. Likiwa kitu kingine chochote, si tasa. Msomaji ajaribu 127, yaani 2⁷ − 1: kutoka 4 tunapata 14, kisha 194 ambayo huacha baki 67, kisha 42, kisha 111, na katika hatua ya tano tunapata sifuri, kwa hiyo 127 ni tasa. Kwa 2⁶⁷ − 1 hatua ni 65 tu, ingawa nyingi kati yake zinadai kuzidisha namba zenye tarakimu zipatazo ishirini, na mwishoni sifuri haitokei. Kipimo hakikutafuta vigawo hata kidogo. Kilichunguza sifa ambayo kila namba tasa ya umbo hilo lazima iwe nayo, na namba hii ikaonekana haina.

Kuvipata vigawo vyenyewe ni kazi ya aina nyingine kabisa. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 134, na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Masharti hayo yanachuja mno, lakini kigawo tasa kidogo kabisa kinaweza kuwa popote hadi kipeuo cha pili cha namba yetu, nacho kinazidi bilioni 12, hivyo hata baada ya mchujo huo wanabaki wagombea wapatao milioni 45.

Oktoba 1903, katika mkutano wa American Mathematical Society mjini New York, Frank Nelson Cole alitoa jawabu: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Husimuliwa kwamba hakutamka neno, bali alizidisha ubaoni na kurudi kukaa huku ukumbi ukimpigia makofi. Sina hakika kwamba kila kipande cha simulizi hiyo ni cha kweli (hadithi za wanahisabati hunenepa kadiri zinavyosafiri), lakini zao lenyewe mtu yeyote mwenye kalamu na subira anaweza kulikagua. Kutoka uthibitisho wa Lucas hadi vigawo vya Cole ilipita miaka 27.

Pengo hilo kati ya kujua na kupata halikuzibwa na kompyuta. Usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe iliyobuniwa mwaka 1977, unategemea kwamba ni rahisi kupata namba tasa mbili kubwa na kuzizidisha, lakini ni vigumu mno kuzirudia kutoka kwenye zao lake. Hata katika familia ile ile ya Mersenne, yaani namba za umbo 2ᵖ − 1, kuna 2¹²⁷⁷ − 1, yenye tarakimu 385: imethibitishwa kuwa si tasa, tunajua kwamba kila kigawo chake tasa lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 2,554, na hadi ninapoandika jibu hili hakuna aliyetangaza hata kimoja.