Barua kwa mwanangu: bei ya mkate wa Misri

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama, nasi huku sote wazima. Umeniambia kuwa Mmisri unayekaa naye chumba kimoja hapo Doha bado hupandwa na hasira akikumbuka Juni 2024, mkate wa ruzuku kwao ulipotoka piasta 5 (piasta mia ni pauni moja ya Misri) ukawa piasta 20. Ukaniuliza: "Baba, wewe umesoma kule. Hizo ni senti tu, kwa nini ziwaume hivyo? Na kama zinawauma, mbona hawakuingia barabarani kama mwaka 1977?"

Nianze na kuumia kwao. Maafisa wa jeshi walipompindua Mfalme Farouk Julai 1952, ardhi nzuri ya Misri ilikuwa mikononi mwa mabwana wachache, na mamilioni ya wakulima hawakuwa na kitu. Kabla Septemba haijaisha, ikapita sheria kwamba mtu asimiliki zaidi ya fedani 200, yaani ekari mia mbili na kitu. Gamal Abdel Nasser, mmoja wa maafisa hao aliyekuja kuwa rais, akaendelea: elimu ya bure mpaka chuo kikuu, kazi ya serikali kwa kila anayehitimu, unga na sukari kwa bei ya kuwasaidia watu. Lakini vyama vya siasa vilikuwa vimeshapigwa marufuku tangu 1953, na mwaka 1960 magazeti nayo yakatiwa mkononi na dola. Hakuna aliyetia saini popote, ila kila Mmisri aliyajua masharti: sisi tutawalisha na kuwasomesha, nyinyi siasa tuachieni. Kwa hiyo mkate wa bei poa si sadaka machoni pao. Ni malipo ya sauti yao waliyoiachia serikali.

Mkate wenyewe ungeuona ungeuelewa. Ni wa duara, wa unga wenye pumba, unaingia tanurini bapa na kutoka umevimba. Asubuhi watu walipanga foleni dirishani, na aliyepata wake aliutandaza kwanza juu ya gazeti, au hata juu ya boneti ya gari lililoegeshwa, mvuke utoke ndipo autie mfukoni. Vijana walipita na baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika chaga pana la mbao kichwani lililojaa mikate. Sisi wanafunzi wa Chuo cha Azhar cha Cairo tuliotoka huku pwani tuliula na ful, yaani maharage ya kuchemsha, asubuhi na jioni. Bila mkate huo sijui tungemaliza vipi masomo.

Rais Sadat, aliyemrithi Nasser, alikuwa ameshafungua milango kwa mitaji ya nje tangu 1974. Madeni yakamzidi, Shirika la Fedha la Kimataifa likamtaka apunguze ruzuku, na tarehe 17 Januari 1977 serikali ikatangaza bungeni kupandisha bei za unga, mchele, sukari, chai na gesi ya kupikia. Kesho yake wafanyakazi wa viwanda vya Helwan wakatoka, wa Alexandria wakatoka, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ain Shams, pale Abbasiya karibu na mabweni yetu, wakatoka pia. Walikuwa wakiimba: "Ewe shujaa wa kuvuka, kifungua kinywa kiko wapi?" Kuvuka ni kule kuvuka Mfereji wa Suez katika vita vya Oktoba 1973, fahari kubwa ya Sadat. Sisi wageni tulikatazwa kutoka nje, tukabaki madirishani tukisikiliza. Vilabu vya starehe vya barabara ya Piramidi vilichomwa moto. Jeshi likaingia mitaani, watu zaidi ya 70 wakafa, na mara moja serikali ikazirudisha bei za zamani. Sadat aliyaita maasi ya wezi. Mimi niliowaona wakipita walikuwa wanafunzi wenzangu na watu wazima waliotoka kazini.

Tangu hapo watawala wa Misri waliujua mpaka wao. Hawakuacha kupunguza, walibadili namna ya kupunguza. Bei ya mkate ilipofika piasta 5 mwishoni mwa miaka ya 1980 ikasimama hapo miaka zaidi ya 30, ila mkate wenyewe ukawa unasinyaa. Agosti 2020, kwa mfano, ulishushwa kutoka gramu 110 hadi 90. Kuanzia 2014 ukawa wa kutolewa kwa kadi ya ruzuku, mikate mitano kwa mtu kwa siku. Kadi imezuia wizi mwingi wa unga, sikatai. Lakini foleni ya watu mia wenye shida moja ni nguvu, na kadi humpa kila mmoja shida yake peke yake.

Sasa kuhusu kunyamaza. Januari 2011 Wamisri walidai vyote kwa pamoja, mkate, uhuru na haki ya kijamii, na kwa siku 18 wakamng'oa Rais Mubarak aliyekaa madarakani miaka karibu 30. Mwaka uliofuata Morsi, wa Udugu wa Kiislamu, akashinda uchaguzi wa urais, na Julai 2013 jeshi likamwondoa. Tarehe 14 Agosti, katika uwanja wa Rabaa jijini Cairo, mamia ya wafuasi wake waliuawa kwa siku moja. Novemba ikaja sheria iliyoipa Wizara ya Mambo ya Ndani uwezo wa kuzuia maandamano, na magereza yakajaa. Mtu aliyeyaona hayo, mwaka 2024 akiongezewa piasta 15 anahesabu wanawe kwanza. Usidhani ameridhika.

Na kuna jambo ambalo mwenzako huenda hajakwambia. Tangu enzi za Sadat, Misri imepumua kwa kuwapeleka vijana wake Ghuba. Fedha ambazo Wamisri walio nje hutuma nyumbani, katika miaka mingi ya karibuni, zimezidi dola bilioni 20 kwa mwaka, mbali kabisa kuliko mapato ya Mfereji wa Suez. Zamani serikali ndiyo iliyoahidi kumlisha mama wa mwenzako. Leo mzigo ule anaubeba yeye, kwa mshahara wa Doha, na bado hana sauti. Hasira yake mimi naiona ya haki kabisa.

Muulize kwa upole kama jina la mama yake bado limo kwenye kadi, maana mwaka 2019 serikali iliwaondoa watu wengi kwa kuangalia gari analomiliki mtu au bili yake ya simu. Uniandikie atakavyojibu, na umpe salamu zangu.

Baba yako