Mlango wangu unaimba usiku, mchana bubu

Asalaam alaykum kaka. Mimi nasoma sanaa ya elektroniki chuo cha nje, mwaka wa mwisho, sasa niko nyumbani Mkunazini likizo na kazi ya studio ninayo hapa, nikirudi iwe imekamilika. Nimepata ubao wa mlango wa zamani wenye njumu, nyuma nimetia Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kuendesha vitu, na sensa ya PIR ya kumshtukia mtu, mtu akikaribia unapiga taarabu. Usiku unafanya kazi mpaka jirani kagonga ukuta! Mchana nikaita watu barazani, wamesimama mbele ya mlango weee, kimya. Waya nimebadilisha zote, programu nimeandika upya mara tatu. Video nilompelekea mwalimu kanijibu neno moja tu, "swichi". Nimeumia wallahi. Na mama nae anauliza kanipeleka kusoma sanaa au ufundi redio. Nifanyeje?
Mtoto wa Mkunazini

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Waya ziache, hazina kosa. PIR haimuoni mtu, inachoona ni tofauti ya joto la mwili na joto la vilivyo nyuma yake, tena mpaka mwili upite. Usiku ukuta umepoa, mtu akija anaonekana kama jiko la makaa. Saa nane mchana baraza imeshachomwa na jua, hewa nyuzi 32, ngozi ya mtu haiko mbali na hapo, kwa sensa wewe na ukuta mshakuwa kitu kimoja. Khalafu wageni wako walisimama, na kidude kile kinataka mtu atembee, kwa hiyo ulivyowaambia wasimame watazame ndo umeuzima mwenyewe.

Sasa mwalimu. Sijapenda jibu lake, neno moja kwa kazi ya miezi, lakini hajakosea. PIR inasema yupo au hayupo, basi. Mtu aje mbio, aje ananyata, aje kubembeleza, wimbo ule ule, hata taa ya choo cha hoteli inafanya hivyo. Studio za ngazi yenu wanataka kazi imsikilize mtu, anachofanya kibadilishe kinachofuata. Kule Marekani miaka ya 1970 Myron Krueger alitengeneza Videoplace, kamera inachukua kivuli chako inakitia kwenye skrini na vichoro vinakijibu, hata watu wawili walio vyumba tofauti wanakutana mle na kuchezeana, na hakuna aliyevaa kitu wala kubonyeza kitu.

Ningekuwa mimi ningetia sensa ya umbali, HC-SR04, ile yenye macho mawili mviringo, haiuzwi ghali. Inatoa sauti tusiyoisikia, inasubiri mwangwi urudi, na kwa kuwa sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde unapata umbali, kuanzia sentimita 2 hadi mita 4 hivi. Umbali ni namba, na namba unaicheza unavyotaka: mita tatu ganuni peke yake, mita mbili fidla inaingia, akifika kwenye njumu ndo anamsikia mwimbaji. Akirudi nyuma mwimbaji kanyamaza. Utaona watu wanakwenda wanarudi kama watoto. Ila usijaribishe na rafiki zako wa jinzi tu, nguo laini iliyolegea inameza ile sauti, muite na bi mkubwa mwenye buibui apite mbele uone kama mlango unamjua.

Na kitu kimoja kinaniwasha toka nisome barua yako. Mlango wa Unguja na hakuna hodi?! Gundi kisahani cha piezo nyuma ya ubao, kile kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kinashika mtikisiko wa kidole. Mtu akibisha, muziki wote ukate ghafla, kwani nyumba yoyote ukipiga hodi waliomo hunyamaza wasikilize ni nani. Programu ihesabu. Mara moja kimya, mara mbili kimya, mara ya tatu pengine sauti ya bibi iitikie karibu, pengine isiitikie na mgeni aondoke zake kama desturi ilivyo. Hapo mwalimu wako aseme tena swichi.

Mama mwambie vyote viwili. Oktoba 1966 New York wasanii 10 na wahandisi kama 30 wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu, walifanya maonesho ya siku tisa pamoja, hakuna aliyeuliza nani fundi redio. (Au waliuliza, mama ni mama.)

Kaka, mimi ni msomaji mwengine, niko Wete, Pemba. Umeme wetu unaujua, kwa hiyo nikatia Arduino kwenye pawabenki, baada ya nusu dakika inajizima wakati imejaa. Mbovu?

Si mbovu. Arduino inakunywa umeme kidogo mno, pawabenki inadhani simu ishajaa inakata. Tafuta ile yenye hali ya matumizi madogo, kama huioni panga betri sita ndogo za AA kwenye kikasha upitishie tundu la mviringo. Na wakati uko humo, lehemu viungo usiviache vya kuchomeka, hewa ya chumvi ya huko kwenu mwezi tu vishashika kutu.